Ukitandaza Bandani, Fikiria Shamba: Matandazo ya Kuku Yanayogeuka Mboji Njema

Swali hili limenifuata kutoka njia panda ya Kikorongo mpaka soko la Bwera, hapa kwetu Kasese, Uganda, na kila msimu hurudi kwa sura mpya. Mwenye kuku 15 wa kienyeji ananiuliza kama maranda ya fundi seremala yanafaa. Mwenye kuku 300 wa mayai anaogopa kwamba maganda ya kahawa yatamuulia kuku. Mwingine alishatoa uchafu wa bandani miezi sita iliyopita, akaurundika nyuma ya nyumba, na mpaka leo bado ni maranda yale yale, rangi tu ndiyo imebadilika. Wote wanauliza jambo moja: nitandaze nini chini ya kuku, ili nikikitoa kiwe mbolea?

Mimi huwarudishia swali. Mbolea hiyo unaipeleka shamba gani, na unaitaka mwezi gani? Siku unapomwaga gunia la kwanza sakafuni ndiyo siku umeanza kutengeneza mboji, upende usipende. Ukikosea hapo, utatumia nguvu nyingi baadaye kurekebisha rundo ambalo lingeweza kujipika lenyewe.

Jibu fupi kwa mwenye haraka

- Ukipata maganda ya kahawa makavu, yasiyo na ukungu, tumia sehemu mbili za maganda kwa sehemu moja ya maranda au maganda ya mpunga. Kwa eneo letu sijaona mchanganyiko unaoushinda huu.
- Huna kahawa karibu? Katakata mabua ya mahindi vipande vya urefu wa kidole, uchanganye na makapi makavu ya maharage.
- Vumbi la mbao, lile laini la msumeno, usilitumie peke yake. Kwa vifaranga usilitumie kabisa.
- Chochote kilichotoka kwenye nguzo au mbao zilizotiwa dawa, kiache huko huko kilikotoka.

Anayetaka kujua sababu, na namna ya kuokoa kile alichonacho tayari, aendelee kusoma.

Kwa nini rundo la jirani linachemka na lako limelala

Kinyesi cha kuku ni kikali kwa sababu kina nitrojeni nyingi. Kwa kila sehemu moja ya nitrojeni, kinyesi kitupu kina kaboni kama sehemu 7 hadi 10 tu. Wadudu wasioonekana wanaopika mboji hufanya kazi vizuri zaidi wakipata kaboni 25 hadi 30 kwa nitrojeni moja. Kaboni inayopungua hutoka kwenye matandazo, na matandazo hayalingani. Mabua makavu ya mahindi yana kaboni kama 60 au 70 kwa moja, na maganda ya mpunga yanakaribia 100. Vumbi la mbao na maranda hupanda mpaka mamia, mara nyingi 400 au zaidi.

Usizikariri hesabu hizo. Maana yake bandani ni hii: maranda yanahitaji kinyesi kingi sana na muda mrefu sana kabla hayajaoza, wakati mabua na makapi ya maharage yanaridhika na kidogo.

Mimi mwenyewe nililipia somo hilo kwa nyanya. Nilikuwa na kuku wachache juu ya maranda mengi, nikayatoa baada ya wiki sita, nikayachimbia moja kwa moja kwenye matuta nikidhani nimeweka mbolea. Nyanya zilichipua, zikasimama, majani ya chini yakageuka manjano, na hazikukua tena. Maranda yalikuwa bado yanaoza ardhini, na yanapooza huivuta nitrojeni ya udongo kwanza, mmea unabaki na njaa. Sikuvuna hata beseni moja. Tangu siku hiyo sizungumzi na mtu habari za matandazo bila kumuuliza ana kuku wangapi na atayaacha bandani kwa muda gani.

Ngumi moja ya matandazo

Mchana mmoja wa Februari, hapa Kikorongo, mama mmoja aliniita nikamwangalilie banda lake. Kuku wa mayai 60, bati la chini, joto la bonde. Alikuwa ametandaza vumbi la mbao. Nilipofungua mlango macho yalianza kuwasha kabla sijaingiza mguu.

Chini ya chombo cha maji palikuwa na bonge kubwa kama tofali. Nililivunja kwa mkono: ndani lilikuwa jeusi, lenye nyuzi nyeupe za ukungu, na harufu yake ilipanda mpaka puani kama mtu ameninusisha jiki. Hatua mbili kutoka pale, kuku mmoja alipiga mbawa na vumbi likajaa hewani mpaka sikuona ukuta wa pili.

"Mama, maji haya yanamwagika tangu lini?"

"Chombo kimepinda mguu, mwalimu. Nakiegemeza na jiwe."

Banda moja, kasoro mbili: huku pamelowa mpaka pananuka, huku pamekauka mpaka panaumiza mapafu. Na kwa mboji, sehemu zote mbili ni hasara. Kwenye maji, nitrojeni inapaa kama amonia, ile harufu inayowasha macho, kwa hiyo unanusa mbolea yako ikiondoka. Kwenye ukavu, kinyesi hakijashikana na matandazo, na hakuna kilichoanza kuoza.

Hatukutupa kitu. Tulikining'iniza chombo kwa kamba, mdomo wake ukawa usawa wa mgongo wa kuku, tukayatoa mabonge yote yakawa msingi wa rundo nje, kisha tukaongeza magunia mawili ya maganda ya kahawa na kuyachanganya na lile vumbi kwa reki. Baada ya siku tano harufu ilikuwa imepungua hadi ukiinama ndipo unaisikia.

Kipimo chenyewe huhitaji mashine. Chota matandazo, fumba ngumi, kisha fungua:

- Yakibaki bonge lililoshikana, yamelowa kupita kiasi. Ongeza makavu na utafute maji yanatoka wapi.
- Yakishikana kidogo kisha yakapukutika, yako sawa.
- Yasiposhikana hata kidogo na vumbi likapaa, nyunyiza maji kidogo sana, au changanya na kitu chenye vipande vikubwa zaidi.

Vitu tulivyonavyo, kimoja kimoja

Maganda ya kahawa

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu wilaya ya Kasese ina kahawa mlimani na tambarare, na maganda yake bado yanachomwa moto au kumwagwa kando ya barabara.

Kuna maganda ya aina mbili na watu huyachanganya. Kahawa iliyokaushwa na tunda lake, kiboko kwa robusta na drugar kwa arabika, ikikobolewa hutoa ganda zito la kahawia lenye ngozi ya tunda ndani yake. Hilo huoza vizuri na lina potasiamu nyingi, kitu ambacho migomba na mibuni hukipenda. Kahawa iliyooshwa, ile inayomenywa ikiwa mbichi, hutoa ganda jepesi la manjano kama karatasi. Hilo ni kavu, safi na zuri kwa miguu ya kuku, lakini huoza polepole zaidi, kwa hiyo lihesabu kama ndugu wa maranda.

Je, yanaua kuku? Yakiwa makavu na safi, hapana. Wafugaji wengi wa Uganda huyatumia miaka nenda miaka rudi. Kuku hudonoa kila kitu kipya siku ya kwanza, basi walishe washibe kabla ya kutandaza. Kinachoua ni ukungu. Maganda yaliyonyeshewa mvua nje ya mashine ya kukoboa, yakachemka na kunuka uvundo, huota ukungu unaoingia kwenye mapafu ya vifaranga, na hawaponi. Ingiza mkono katikati ya gunia kabla hujalipa. Ukikuta joto au unyevu, mwachie mwenyewe.

Onyo jingine ni kwa wenye robusta. Mnyauko wa kahawa ulionekana Uganda mwaka 1993, na Bundibugyo, upande wa pili wa mlima wetu, ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kuupata. Uliangamiza mibuni mingi sana. Maganda kutoka shamba lenye mnyauko yanaweza kubeba ugonjwa huo. Kama hujui yametoka wapi, yapike kwenye rundo lenye moto kama nitakavyoeleza, na mboji yake ipeleke kwenye mahindi au mboga, usiipeleke kwenye mibuni.

Maganda ya mpunga

Yanapatikana kwenye mashine za kukoboa, hasa upande wa Mubuku kwenye skimu ya umwagiliaji. Ni mepesi, hayashikani, kuku hukaa wakavu juu yake. Kasoro yake ni kwamba yamejaa silika, ile inayokwaruza mkono, na kwa sababu hiyo huoza taratibu na hayanywi maji. Yakiwa peke yake utasubiri miezi mingi. Yakiwa theluthi moja ya mchanganyiko huacha nafasi za hewa ndani ya rundo, na rundo lenye hewa halinuki.

Mabua, magunzi na makapi ya maharage

Hayana gharama, ila yana kazi. Bua zima halifai bandani: kinyesi hukaa juu, maji hukaa chini, panya hukaa katikati. Lazima likatwe kwa panga. Makapi ya maharage ndiyo mepesi kuoza kuliko vyote nilivyovitaja, na kwa mwenye kuku wachache ningeyaweka mbele hata ya kahawa, kwa sababu hayahitaji kinyesi kingi. Lakini hulowa haraka. Yachanganye na kitu kigumu.

Maranda na vumbi la mbao

Maranda ya randa, yale yaliyojikunja, ni mazuri kwa kuku na magumu kwa mboji. Yatumie kama utayaacha bandani miezi minne au zaidi, na kuku wako wamejaa vizuri, wanne au watano kwa kila mita ya mraba. Kwa kuku wachache kwenye banda kubwa yatatoka jinsi yalivyoingia. Vumbi la msumeno hujaa hewani, vifaranga hulila wakidhani ni chakula likawaziba, na likilowa hugeuka udongo.

Nyasi na majani makavu ya migomba

Yakatwe mafupi, yakauke kweli, yasizidi robo ya mchanganyiko. Majani ya migomba hulala moja juu ya jingine kama mkeka na chini yake ukungu huota. Nyasi zenye mbegu au mizizi ya kutambaa usizilete. Utapanda magugu ukidhani unapanda mahindi. Na kwa sisi tunaopakana na Hifadhi ya Queen Elizabeth, tafadhali, nyasi za ndani ya mpaka zisichukuliwe bila ruhusa ya wahifadhi. Hakuna banda linalostahili mtu kukamatwa au kukutana na nyati.

Vitu vya kukataa hata ukipewa bure

- Vumbi la nguzo za uzio au za umeme zilizotiwa dawa. Nyingi hutiwa shaba, kromi na arseniki, na zina rangi ya kijani iliyofifia. Arseniki haiozi. Itapita bandani, itapita rundoni, itafika shambani.
- Taka za kiwanda cha kuchambulia pamba. Pamba hupuliziwa dawa nyingi, na mbegu zinazobaki ndani yake zina gosipoli, sumu inayoharibu hata rangi ya kiini cha yai.
- Mabua au nyasi kutoka shamba lililopuliziwa dawa ya magugu karibuni. Muulize mwenye shamba kwanza.
- Magunia yaliyobeba chumvi ya Katwe, kama hayajaoshwa. Kuku hawavumilii chumvi nyingi, na udongo wetu wa bondeni hauna haja ya kuongezewa.
- Mchanga. Bandani unafaa, lakini kwenye mboji ni uzito wa bure.

Namna ya kutandaza

1. Fagia sakafu, iache ikauke kabisa. Kama unatumia chokaa ya Muhokya kuua vijidudu, iweke juu ya sakafu tupu, uiache siku chache, uifagie, ndipo utandaze.
2. Tandaza unene wa sentimita 8 hadi 10. Kwa chumba cha mita 10 za mraba hiyo ni karibu mita moja ya ujazo, yaani magunia saba au nane ya yale yanayobeba kilo 100 za mahindi.
3. Ning'iniza vyombo vya maji, au viinue juu ya matofali, mdomo ufike usawa wa mgongo wa kuku. Vifaranga wakikua, inua tena.
4. Rusha punje chache za mahindi kila jioni mahali tofauti. Kuku watachakura wenyewe na kukugeuzia matandazo. Palipogandamana, tumia reki au uma.
5. Mabonge ya chini ya maji na chini ya vijiti vya kulalia yatoe kila wiki, weka makavu mahali pake. Mabonge hayo ndiyo kiini cha moto cha rundo lako.
6. Kila ukiona kinyesi kimefunika uso, ongeza tabaka jipya jembamba.

Kuku mmoja wa mayai hutoa kinyesi kibichi cha gramu 100 hivi kwa siku. Kuku 50 ni kama kilo 5 kila siku, kilo 150 kwa mwezi. Kizidishe kwa idadi yako uone una utajiri kiasi gani unaolala sakafuni.

Siku ya kutoa: kujenga rundo

Tuna misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei, na ile inayoanza Agosti au Septemba hadi Novemba. Hesabu kinyumenyume. Mchanganyiko wa maganda ya kahawa au mabua unahitaji miezi mitatu hivi kuiva na kutulia. Ukitaka kupanda Machi, toa matandazo mwanzoni mwa Desemba. Ukitaka Septemba, toa mwishoni mwa Mei. Yenye maganda mengi ya mpunga yape miezi mitano au sita, na ya maranda matupu yape mwaka.

Mahali pa rundo hutegemea unakoishi. Sisi wa bondeni, Kikorongo na Katwe, adui yetu ni ukavu: chimba shimo la kina cha nusu mita chini ya mti, rundo liwe nusu chini nusu juu, ulifunike kwa majani ya migomba. Walio miinukoni kuelekea Bwera na juu zaidi, adui yao ni mvua: rundo likae juu ya ardhi, kwenye mwinuko kidogo, mfereji pembeni, na turubai wakati wa mvua kubwa. Ukilichimbia shimo kule, utapata bwawa linalonuka.

Kisha:

1. Weka chini mabua mazima ya mahindi au vijiti, hewa ipite.
2. Pakia matandazo tabaka la kiganja kimoja, mwagia maji, pakia tena. Kila mahali maji yafike. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu matandazo mazuri ya bandani ni makavu mno kwa mboji. Kwa mita moja ya ujazo tarajia jerikeni nane hadi kumi za lita 20. Najua maji ya bondeni yanabebwa kichwani au kwa baiskeli. Ndiyo sababu mimi hungoja mvua za mwisho za msimu, nikakinga maji ya bati.
3. Likifika urefu wa mita moja na upana wa mita moja, simama. Likiwa dogo kuliko hapo halitashika joto.
4. Fumba ngumi tena. Safari hii unataka tone moja au mawili yachuruzike kati ya vidole.
5. Chomeka fimbo ya chuma katikati. Siku ya tatu hadi ya tano ichomoe: ikiwa huwezi kuishika mkononi, rundo linapika. Joto la nyuzi 55 na zaidi ndilo linaloua vijidudu na mbegu za magugu.
6. Fimbo ikianza kupoa, geuza rundo, la nje liingie ndani. Kanuni za kilimo hai za Marekani hudai rundo la aina hii likae kati ya nyuzi 55 na 77 kwa siku 15, likigeuzwa mara tano. Mimi naona kipimo hicho kinafaa hata kwetu.
7. Likiacha kupata joto hata baada ya kugeuzwa na kumwagiwa maji, liache mwezi mmoja litulie.

Kama umetoa matandazo ya maranda na rundo halipati joto, lina njaa ya nitrojeni. Ongeza majani mabichi: matawi laini ya lusina, mabaki mabichi ya maharage, au yale mabonge ya chini ya maji uliyoyatunza. Likinuka amonia ni kinyume chake: ongeza mabua makavu.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kubwa kuliko yote ni kumwaga chokaa au majivu mengi juu ya matandazo au rundo ili harufu ikatike. Chokaa na majivu huisukuma amonia itoke upesi zaidi. Unadhani umetibu, kumbe umefungua mlango. Yaache majivu mpaka mboji iive, kisha uyatie shambani ukipenda.

La pili ni kutupa kuku waliokufa kwenye rundo la kawaida. Fisi watanusa, mbwa watafukua, na ugonjwa utasambaa. Wazike kwa kina mbali na maji. Kama wamekufa kwa kideri au kuharisha damu, matandazo ya banda lile yajengewe rundo lake peke yake, lifunikwe, na kuku wengine wasilisogelee.

Hili linaambatana na jambo ambalo kwetu ni zito, kwa kuwa tunaishi na wafugaji wa ng'ombe. Ng'ombe hupenda kulamba na kula matandazo ya kuku kwa sababu yana mabaki ya chakula. Kama ndani kulikuwa na mzoga, hata wa panya au kifaranga, ng'ombe anaweza kupata botulizimu: miguu inalegea, ulimi unatoka, anakufa, na tiba haipo ya maana. Zungushia rundo miiba. Ukikosa kufanya hivyo, ng'ombe wa jirani akifa, ujirani pia unakufa.

Mengine kwa haraka:

- Kutunza magunia ya matandazo makavu juu ya udongo. Mchwa wa bondeni watakuachia gunia tupu. Yainue juu ya mbao.
- Kutoa banda zima kwa mara moja na kuwaacha kuku juu ya saruji. Bakiza kidogo cha zamani kilicho kikavu, kama kuku walikuwa na afya.
- Kutupa maganda ya ndizi na maembe yaliyooza juu ya rundo lililo karibu na mpaka wa hifadhi. Nyani wanaona mbali.
- Kufagia bila kitambaa mdomoni na puani. Vumbi hilo lina kinyesi.

Maswali mnayonirudia

"Nina kuku kumi tu, kuna haja?" Ipo, lakini usihangaike na rundo la peke yako. Unganisha na jirani wawili, au weka matandazo kwenye magunia pahali pakavu mpaka yafike mita moja ya ujazo. Rundo dogo litaoza, ila bila joto, kwa hiyo lipe miezi sita.

"Naweza kuyapeleka moja kwa moja kwenye migomba?" Kwa migomba mikubwa, ndiyo, ukiyaweka mbali na shina kwa hatua moja na kuyafunika na majani. Kwa mboga za kuliwa mbichi, hapana. Kanuni zile zile za kilimo hai hutaka siku 120 zipite kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusa udongo, na siku 90 kwa yasiyogusa. Mboji iliyopikwa vizuri haina kikwazo hicho.

"Nitajuaje imeiva?" Inanuka udongo wa msituni baada ya mvua, na haina joto. Bado una shaka? Jaza kopo mboji iliyochanganywa na udongo nusu kwa nusu, panda maharage kumi. Yakiota manane au zaidi na majani yakawa ya kijani, imeiva. Yakiota manjano au yakajikunja, subiri wiki tatu ujaribu tena.

"Kuna nyoka?" Wanaweza kuwepo, rundo lina uvuguvugu na panya. Geuza mchana, kwa uma wenye mpini mrefu, ukiwa umevaa buti, na usiingize mkono usipoona.

"Niweke kiasi gani?" Konzi mbili kubwa kwenye kila shimo la nyanya, zikichanganywa na udongo. Karai moja kwa kila tuta la migomba, mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mvua.

"Nimeshanunua maranda, nimechelewa?" Hujachelewa. Usiyatoe. Ongeza juu yake makapi ya maharage kila unapovuna, yaache kuku wayachakure mpaka Desemba, na tenga gunia moja la maganda makavu nyuma ya mlango, kwa ajili ya siku ile chombo cha maji kitakapopinduka.